Jibu: ua wa kuhimili upepo wa chumvi, Mikindani

Ndugu yangu, umeuliza upande ua wa mmea gani upande wa bahari hapo Mikindani, maana kusi na chumvi vimeunguza maua yako yote. Mimi nakwambia mhina, ule mmea wa hina, bila kusita. Unavumilia ukame na mchanga, na ukiupogoa mara kwa mara unafunga ua mzito. Ukiuacha unakuwa mti mdogo. Chomeka vipandikizi mvua zikianza Desemba, kwa nafasi ya kama futi moja, umwagilie mpaka vishike. Matawi yakikomaa hutoa miiba, kwa hiyo usiupande pale watoto wanapochezea.

Kipande kimoja usikikate, kichanue. Harufu yake jioni inapendeza mno! Majani yakaushwe kivulini, yatwangwe, nyumbani wapate hina yao wenyewe.