Maswali ya Wasomaji: Farasi Mzee, na Uamuzi Ambao Hakuna Anayeutaka

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina farasi jike mwenye umri wa miaka 27, ambaye nimekaa naye tangu akiwa na miaka sita. Ana baridi yabisi katika viungo vya miguu na anapewa dawa ya kutuliza maumivu kila siku. Bado hunilaki kwa mlio ninapoingia bandani na chakula hukipokea kwa hamu, lakini amekonda, nyasi kavu huzitafuna kisha akazitema zikiwa mabonge, na siku hizi naona vidonda upande wa mbele wa vifundo vya miguu yake ya mbele. Sijui vinatoka wapi, kwa maana hagombani na mwenzake wala sijamwona akianguka. Ndugu zangu wanasema nimwache afe mwenyewe. Nitajuaje kwamba wakati umefika, na ukifika, jambo lenyewe hufanyikaje?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Nitaanza na vile vidonda, kwa sababu katika barua yako yote ndivyo vilivyonishtua zaidi.

Farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, kwa kuwa mishipa na kano za miguu yake hujifunga na kumshikilia bila kumchosha. Usingizi wenyewe mzito, ule wa ndoto, haumpati mpaka alale chini, na huuhitaji kwa muda wa takriban nusu saa hadi saa moja kwa siku. Farasi ambaye viungo vyake vinauma hujua kwamba akilala, kuinuka kutakuwa mateso, kwa hiyo huacha kulala kabisa. Baada ya siku kadhaa usingizi humzidi nguvu papo hapo alipo: kichwa huinama, magoti hulegea, naye huangukia vifundo vya mbele kabla hajazinduka na kusimama tena. Hayo hutokea usiku, mwenyewe ukiwa kwako. Mkague asubuhi uone kama ana vumbi au mabaki ya matandiko ubavuni, au weka kamera bandani kwa siku chache. Ukithibitisha kwamba halali, mwombe daktari wake apitie upya dawa na kipimo chake kwa majaribio ya wiki mbili hivi, na umwekee matandiko mazito zaidi katika nafasi pana. Akianza kulala tena, umempatia muda wa kweli. Asipolala, basi unaye mnyama asiyepata pumziko, hata kama sufuria ya chakula inarudi tupu.

Nasema hivyo kwa sababu wengi hupima maisha ya farasi kwa hamu yake ya kula. Huyu ni mnyama aliyeumbwa kuwindwa, na anayewindwa hujifunza kuficha udhaifu wake. Wapo wanaokula vizuri huku miguu ikiwauma mchana kutwa. Mlio wa kukulaki ni wa kweli na una thamani, ila hauelezi usiku wake ulikuwaje.

Kukonda ni jambo jingine, na hapo nina matumaini zaidi. Meno ya farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote, kiasi cha milimita mbili hadi tatu kwa mwaka, huku yakisagika kwa kutafuna, mpaka uzeeni yanafikia mwisho na hakuna tena cha kuchomoza. Ndiyo maana anatema mabonge. Mpe chakula laini kilicholowekwa, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na mwombe daktari ampime pia ugonjwa wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambao ni wa kawaida kwa farasi waliopita miaka 15, humkondesha misuli, na una dawa. Usimkatie tamaa kwa tatizo lenye tiba. Vilevile, usitumie tatizo lenye tiba kama kisingizio cha kutolitazama lile lisilo nayo.

Kuhusu kumwacha afe mwenyewe, nawaheshimu ndugu zako, lakini nawaomba waelewe kifo hicho kinafananaje. Farasi wachache sana hulala usiku wakaamkia wamekufa. Wengi hulala chini wasiweze kuinuka, na mwili wenye kilo 500 ukikaa upande mmoja kwa saa nyingi hukandamiza misuli na neva zake, huku mnyama akihangaika kujiinua na kujipasua ngozi. Wengine hushikwa na msokoto wa utumbo na kugaagaa kwa maumivu mpaka daktari afike, naye huenda akafika alfajiri. Kusubiri nako ni kuchagua, na mara nyingi ni kuchagua hilo.

Msimamo wangu ni kwamba uamuzi huu wa kumlaza, yaani kumuua kwa njia isiyomtesa, ufanywe mapema kidogo, katika siku ambayo mnyama bado anaweza kutembea hadi malishoni. Farasi hana mipango ya mwezi ujao. Wiki tatu ambazo hatazipata hatazijutia, lakini usiku mmoja wa kugaagaa ataupitia wote, dakika kwa dakika. Hasara ya kuwahi ni yetu sisi tunaobaki, na ya kuchelewa humwangukia yeye. Kwa hiyo kaa na daktari wake ukiwa umetulia, muandike masharti yenu: kwamba siku atakaposhindwa kuinuka bila msaada, au kufika penye maji, au atakapojitenga na mwenzake na kuacha kujali kinachoendelea, au dawa itakapokuwa imepandishwa hadi kikomo bila kumrudishia usingizi, hamtajadiliana upya. Mwombe pia mtu asiyemwona kila siku aje amtazame, kwa sababu jicho lililozoea halioni mnyama anayedhoofika polepole.

Wapo wanaojilaumu kwamba wangekuwa na fedha zaidi wangemwokoa. Barbaro, farasi aliyeshinda Kentucky Derby, mbio maarufu za farasi za Marekani, mwaka 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baada ya ushindi huo, akatibiwa na madaktari bingwa kwa miezi minane bila gharama kuwa kizuizi. Farasi hawezi kuupumzisha mguu mmoja kwa muda mrefu bila mingine kulipa. Kwato zake nyingine zilishikwa na laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato, na tarehe 29 Januari 2007 wamiliki wake wakakubali alazwe. Upendo na fedha vyote vilikuwapo.

Sasa kuhusu siku yenyewe. Kwa kawaida daktari humpa kwanza dawa ya kumtuliza, kisha humdunga kwenye mshipa wa shingo kiasi kikubwa cha dawa ya usingizi, mara nyingi pentobabito. Hupoteza fahamu baada ya sekunde chache na kuanguka, wakati mwingine kwa kishindo, kwa hiyo kamba aishike mtu mzoefu nawe usimame kando. Anaweza kuvuta pumzi mara moja mbili baada ya hapo, misuli ikatetemeka, na macho hubaki wazi. Hayo hayamaanishi kwamba anahisi kitu. Daktari atasikiliza moyo na kugusa mboni ya jicho kabla ya kukuthibitishia. Risasi au bastola maalumu ya machinjio, katika mkono wa mtu aliyefunzwa, humpotezea fahamu papo hapo, na anayeichagua asionekane katili. Kama huwezi kutazama, muage mapema na uondoke. Farasi huhitaji mtu mtulivu karibu yake, si lazima awe wewe.

Mambo mawili yapangwe kabla. Chagua mahali penye ardhi tambarare ambapo mashine ya kubebea mzoga inaweza kufika. Pili, mzoga wenye pentobabito ni sumu kwa mbwa, tai na mnyama yeyote atakayeula, na dawa hiyo hudumu muda mrefu, kwa hiyo lazima uchomwe au uzikwe kwa kina, mbali na maji, kwa kufuata sheria za mahali. Ikiwezekana, mwache mwenzake aukaribie na kuunusa kwa muda. Wafugaji wengi huona kwamba farasi aliyepewa nafasi hiyo hamwiti na kumtafuta sana mwenzake baadaye.

SWALI: Mimi ndiye ninayeugua, Daktari, na ugonjwa wangu hauna tiba. Nina farasi wawili, mmoja wa miaka 12 mwenye afya, mwingine wa miaka 26 ambaye hakubali kushikwa na mtu mwingine. Wataishiaje?

JIBU: Nakupa pole kwa moyo wote, na nakushukuru kwa kuuliza wakati bado unaweza kupanga.

Huyo mdogo mtafutie mlezi sasa, akae kwake kwa majaribio wakati wewe ungali unaweza kumtembelea na kumrudisha ikibidi. Mzee, ikiwa kuhamishwa kutamtia hofu asiyoweza kuizoea, una haki ya kuomba alazwe nyumbani kwake, mbele ya watu anaowajua. Kwa farasi wa umri huo sioni ubinafsi katika ombi hilo. Kwa yule wa miaka 12 ningekusihi usilitoe.

Kisheria farasi ni mali, na mirathi huchukua muda, ilhali wao wanahitaji maji jioni ileile. Kwa hiyo usitegemee wasia peke yake. Mteue mtu mmoja, akubali kwa kinywa chake, na umwandikie idhini ya kuruhusu matibabu au kuwalaza usipoweza kusema mwenyewe. Mtengee fedha ambazo anaweza kuzifikia mara moja. Kama wamekatiwa bima, iulize kampuni ya bima masharti yake, kwani nyingi hutaka kuarifiwa kabla. Andika pia kila mmoja anakula nini, anapewa dawa gani, anaogopa nini na daktari wake ni nani, kisha karatasi hiyo iangikwe ukutani bandani ambapo yeyote atakayeingia ataiona, si katika droo iliyofungwa.