Ukibishana Barazani Kuhusu Wakati, Anza na Saa

Barazani kwetu Mji wa Kale, baada ya isha, siku hizi siasa na bei ya samaki zimepata mshindani. Kuna kijana huja na simu mkononi: "Ami, wanasayansi wamesema wakati haupo!"

Mtu akikujia hivyo, muulize kwanza: hilo limepimwa, au ni tafsiri ya vipimo? Maana vipimo vipo. Mwaka 1971 wanasayansi Hafele na Keating walizizungusha saa za atomu, zilizo sahihi mno, duniani kwa ndege za abiria. Ziliporudi hazikulingana na zilizobaki Washington. Saa za setilaiti za GPS, hizo zinazomwongoza dereva wa tuktuk hadi Nyali, zisiporekebishwa hutangulia zetu kwa takriban mikrosekunde 38 (sehemu za milioni za sekunde) kila siku. Hapo hakuna ubishi: saa haziendi sawa kila mahali.

Ubishi huanza na "kwa pamoja". Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba watu wanaokwenda kwa mwendo tofauti huenda wasikubaliane matukio gani yametokea kwa wakati mmoja. Wengi huishia hapo, wakadhani kila kitu kimevurugika. La. Muuza kahawa akigonga vikombe, nawe ukasikia ukamwita, hakuna mtazamaji yeyote, hata awe na mbio gani, atakayekuta umemwita kabla hajagonga. Mfuatano hubishaniwa tu pale ambapo hata mwanga usingewahi kutoka tukio moja hadi jingine.

Mwaka 1908 mwanahisabati Hermann Minkowski aliunganisha anga (yaani nafasi vilipo vitu) na wakati kuwa kitu kimoja, na baadhi ya wanafalsafa wakashikilia kwamba jana, leo na kesho zote zipo, kama Tanga ilivyopo ingawa wewe uko Mombasa. Hapo ndipo baraza hulipuka: "Si ndiyo kadari hiyo!" Taratibu, yakhe. Hata kama kesho ipo, uamuzi wako wa leo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya iwe hivyo. Kadari ina wanazuoni wake na hoja za karne nyingi. Sioni haja ya kuiazimia ushahidi kwa Minkowski.

Ukitaka swali gumu kweli, waulize: katika milinganyo ya Einstein na Minkowski, "sasa" iko wapi? Mwanafalsafa Rudolf Carnap alisimulia kwamba suala hilo lilimsumbua hata Einstein, aliyeona "sasa" ina uzito wa pekee kwa binadamu, nao uzito huo fizikia haiwezi kuushika.