Aliyeokolewa alipe mafuta, asitozwe faini

Ilikuwa kusi, msimu wa upepo wa kusini, siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, na yalishaanza kutoka. Saa 11 jioni mgeni mmoja aliyekuwa akicheza kaiti, ule ubao wa majini unaovutwa na tiara, hapa Paje, Zanzibar, akaelekea kwenye mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu. Vijana wa pwani walimpigia kelele arudi: maji ya bamvua yakitoka hukimbilia pale mlangoni, na ukishavuka nje kurudi ni kazi. Akavuka. Kamba ikamkatikia hukohuko.

Nilitoka na ami yangu kwa boti yake ya faiba. Petroli tuliyotia, lita 20, alikuwa ameikopa aendee nyavuni usiku ule. Nje ya mwamba wimbi la kusi halina masihara. Nahodha akikosea pembe mara moja tu, boti inapinduka. Mkondo ulishampeleka kaskazini. Tulimkuta usawa wa Bwejuu, saa 2 na ushei usiku, amekumbatia ubao wake, hawezi hata kusema. Asubuhi alikuja, akatushukuru huku analia, kisha akapanda gari kwenda uwanja wa ndege. Hoteli aliyofikia ikatujibu kuwa hayo hayawahusu. Ami akabaki na deni dukani, na samaki hakupata.

Nilikasirika sana. Barazani nikasema watu wa aina hii wapigwe faini, tena kubwa, na wengi wakaniunga mkono. Ami alikataa. "Mwanangu," akaniambia, "ukimtisha mtu kwa deni, atakuita akiwa keshazama."

Sikumwelewa mpaka miaka 2 baadaye. Vijana wawili wa kijiji cha jirani walitoka kuvua siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa. Mashine ikazima saa 9 alasiri. Simu wanayo, mtandao upo, minazi ya kwao wanaiona. Hawakupiga. Wenyewe walinieleza: waliogopa kuulizwa kwa nini walitoka, wakaogopa na mwenye boti atakayewafuata atawadai. Walipiga magharibi, chaji inakwisha na nchi haionekani tena. Kazi ya nusu saa ikawa ya boti tatu kutafuta usiku kucha. Tuliwapata alfajiri, wazima, alhamdulillahi.

Basi faini kwa aliyeokolewa mimi siitaki tena. Sheria ya bahari nayo imetangulia kulisema hilo: mkataba wa kimataifa wa uokoaji wa 1989 haumdai ujira mtu aliyeokolewa roho yake. Najua nchi kavu wako wanaodai. Jimbo la New Hampshire, Marekani, humtoza gharama mpanda mlima aliyepotea kwa uzembe, ila limeweka kadi ya hiari ya dola 25 kwa mwaka: mwenye nayo hadaiwi gharama hizo za uzembe, na fedha zake zinasaidia uokoaji. Hiyo kadi ndiyo iliyonivutia. Watu wengi wachange kidogo kabla ya ajali, na anayeita asihesabu pesa akiwa majini.

Kwetu tangu Oktoba 2024 mgeni mtu mzima anayetoka nje ya nchi hukata bima ya lazima ya dola 44 akiingia Zanzibar. Ningependa sana sehemu yake ifike kwa mvuvi aliyetumia petroli yake, bila kumzungusha ofisini. Na faini kama lazima iwepo, apigwe mwenye biashara anayemtoa mgeni bila boya la kuvaa, au anayemkodisha kaiti maji yakitoka bila kumwonya.

Wewe unayekuja kutembea, muulize nahodha maji yanatoka saa ngapi. Boya livae, usilikalie. Mwachie mtu wa nchi kavu saa yako ya kurudi. Mambo yakiharibika piga simu mapema, hata kama kosa ni lako. Ukishafika salama, uliza wametumia lita ngapi, uwalipe, na usiku waliokosa kuvua uuhesabu pia.

Sisi wenye boti hapa tumeanza na kopo. Kila safari ya wageni, 5,000 inaingia humo. Mwezi uliopita tuliwatoa watu wanne kwenye ngalawa iliyojaa maji, lita 12. Hakuna aliyeulizwa kitu. Mafuta yalilipwa usiku uleule, na ami akaenda nyavuni.