Huamini Mungu, utakatifu wa Wakatoliki unakuhusu nini?

Wiki iliyopita niliandika kwamba Kanisa lilikuwa na haraka mno kumtangaza Papa Yohane Paulo II kuwa mtakatifu, na kwa kuwa wengi mnajua mimi siamini Mungu, maswali yakamiminika. Mengine ni matusi tu, hayo nimeyaruka. Haya ndiyo yaliyobaki.

We si huamini? Sasa mambo ya Kanisa letu yanakuuma nini?

Nusu ya hoja yako naikubali kabisa. Nani aingie kwenye kalenda ya liturujia, nani atajwe kwenye litania, picha ya nani itundikwe kanisani, hapo sina neno, mimi kupinga hayo ni sawa na mtu asiye na kadi ya chama kuvamia mkutano akitaka kupiga kura. Ila Kanisa likimtangaza mtu mtakatifu haliishii kusema sisi tunampenda, linaiambia dunia nzima kwamba huyu mtu aliishi hivi, alitenda vile, na kuna mgonjwa alipona kwa namna ambayo madaktari wameshindwa kuieleza. Sasa hayo ni mambo ya historia na ya hospitali, na historia na hospitali ni za wote.

Tumchukue huyo huyo Yohane Paulo II. Alifariki Aprili 2005, mrithi wake akaondoa ile miaka 5 ambayo kwa kawaida lazima ipite kabla kesi, yaani uchunguzi wa Kanisa wa kuona kama mtu anastahili utakatifu, haijafunguliwa, na tarehe 27 Aprili 2014 akatangazwa. Halafu Novemba 2020 Vatican yenyewe, sio mimi, ikatoa ripoti ndefu kuhusu Theodore McCarrick, yule kardinali aliyevuliwa upadre kwa sababu ya unyanyasaji wa kingono, na humo ikaonekana Papa alimteua kuwa askofu mkuu wa Washington mwaka 2000 wakati mwaka mmoja kabla kardinali wa New York alikuwa ameandika barua ya kuonya. McCarrick akaandika kukana, Papa akamwamini yeye. Sisemi Papa alijua kila kitu, ripoti haisemi hivyo, nasema tu kwamba kama kesi ingesubiri, karatasi hizo zingekuwa mezani kabla ya tangazo na sio miaka 6 baadaye. Aliyeumizwa na McCarrick ukimwambia haya ni mambo ya ndani ya Kanisa, sijui atakuelewaje.

Kanisa likitaka maoni yenu si litawauliza?

Linauliza bwana! Hapa ndipo huwa nawashangaa watetezi wake, wanalitetea kwa kitu ambacho lenyewe halijakataa. Kesi ikifunguliwa, askofu anatakiwa kuitangaza ili mwenye jambo lolote, zuri au baya, alilete. Kwenye kesi ya Mama Teresa walimwita Christopher Hitchens, mwandishi asiyeamini na aliyekuwa amemponda yule mama kwa miaka, akakalishwa chumbani Washington na mapadre, Biblia na rekoda, akamwaga yote. Baadaye alikuwa akitania kwamba alimtetea shetani bure bila kulipwa.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Jacalyn Duffin, daktari wa damu wa Kanada, naye haamini. Miaka ya 1980 aliletewa slaidi za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, azisome bila kuambiwa ni za nani wala za nini. Akaweka kwenye hadubini, akaona saratani kali ya damu, ikatulia, ikarudi, halafu ikatulia tena, na kwa alivyoujua ugonjwa ule akaamini moja kwa moja kwamba mgonjwa ameshakufa na kwamba kuna familia imeshtaki hospitali. Kumbe mgonjwa, mwanamke, yuko hai, na kupona kwake ndio muujiza uliokuwa ukidaiwa kwenye kesi ya Marguerite d'Youville, mtawa wa Kanada wa karne ya 18! Duffin akatoa ushahidi wake mbele ya mahakama ya Kanisa, d'Youville akatangazwa Desemba 1990, na daktari akabaki haamini kama alivyokuwa. Yaani walimtaka hasa kwa sababu macho yake hayakuwa na upande.

Si kuna wakili wa shetani wa kuangalia kasoro? Nyie wa nini tena?

Alikuwepo. Cheo chake rasmi kilikuwa Promota wa Imani, kazi yake kutafuta kila tundu kwenye kesi. Mwaka 1983 Yohane Paulo II akabadilisha taratibu, cheo kikabaki ila yale meno ya kupinga yakang'olewa, ukawa ni utafiti zaidi kuliko mabishano. Papa huyo huyo akatangaza watakatifu 482. Huenda wote walistahili, sijui, ila ukimwondoa mpinzani wa kulipwa usilalamike ukipata wa kujitolea.

Kwa hiyo unasema miujiza yote ni uongo?

Sijasema uongo. Jopo la madaktari wa Vatican halisemi "Mungu ameponya", linasema tu kwamba kwa sayansi ya leo hatuna maelezo ya uponaji huu, ulikuwa wa haraka, kamili na wa kudumu. Tangu 2016 wakikaa 7 lazima 5 wakubali. Kumhusisha Mungu ni kazi ya wanateolojia baadaye. Mimi na jopo tunaweza kukubaliana hadi hapo kwenye "hatuna maelezo", kuanzia hapo kila mtu anashika njia yake.

Tatizo linakuja pale maelezo yapo. Muujiza wa kwanza wa Mama Teresa ulikuwa wa mama mmoja wa India mwenye uvimbe tumboni, ikasemwa umeisha baada ya kuwekewa medali yake, wakati daktari aliyemtibu anasema wazi ulikuwa wa kifua kikuu na mgonjwa alimeza dawa kwa miezi kadhaa. Mama Teresa akatangazwa Mwenye Heri, ile hatua ya kabla ya utakatifu, 2003 hivyo hivyo. Hapo siwezi kunyamaza, maana kuna mgonjwa mwingine wa kifua kikuu anasikiliza.

Mama yangu anasali kwa Mama Teresa kila usiku. Nimwambie haya?

Umwambie ili iweje? Muache mama wa watu. Akianza kuruka dozi, hapo kaa naye, na muongelee dawa, sio mtakatifu.

Mbona waliolalamika siku zote ni nyie wakana Mungu tu?

Si kweli. Junípero Serra, mmisionari Mhispania wa karne ya 18, alipotangazwa mtakatifu Septemba 2015, wenyeji asilia wa California walipinga kwa sababu ya yaliyowapata mababu zao kwenye misheni zake, na wengine kati yao ni Wakatoliki. Kesi ya Papa Pio XII nayo Wayahudi wameihoji miaka na miaka kuhusu ukimya wake wakati wa mauaji ya Wanazi.

Na yule kijana wa kompyuta, Carlo Acutis, naye una neno?

Kijana mwenyewe sina neno naye, alikufa 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa Septemba 2025, na wanaompenda wampende. Ile orodha yake ya miujiza ya Ekaristi aliyoiweka mtandaoni, yaani visa vya mkate wa misa unaosemwa uligeuka nyama au kutoa damu, hiyo sasa ndiyo naweza kukesha nayo nikiuliza nani alipima, kwenye maabara gani, na sampuli ziko wapi.