Maswali yenu: mafuta mazito, mvuke na bei ya usafi

Wiki iliyopita niligusia kwa mstari mmoja mafuta mazito ya Kanada, kwamba kuyachimba kwa njia safi, yaani yenye moshi mdogo, kunaweza kulipa. Meseji zimemiminika. Nimechagua nne.

Mafuta mazito ndiyo yapi, na kwa nini kuyatoa ni ghali? (Mama mwenye duka, Uyole)

Dada, kama unauza mawese ya Kyela jibu unalo dukani. Juni huku juu yanaganda kwenye dumu, na mteja akitaka robo lita lazima ulisogeze karibu na jiko kwanza. Mkaa huo ni gharama ambayo mwenzako wa Kyela haijui.

Kule Alberta, jimbo la Kanada, mafuta yamenasa kwenye mchanga, mazito kama lami. Sehemu kubwa iko chini mno kufikiwa kwa kuchimbua ardhi, kwa hiyo hutobolewa visima viwili vilivyolala, kimoja juu ya kingine, vikiachana kama mita 5. Cha juu kinapuliza mvuke, mafuta yanalainika na kuchuruzika hadi cha chini, kisha yanavutwa juu. Pipa moja la mafuta mara nyingi hula mapipa 2 hadi 4 ya maji yaliyogeuzwa mvuke, na maji hayo huchemshwa kwa gesi asilia. Bili kubwa na moshi mwingi vinatoka kwenye boila ileile. Shika hapo.

Njia safi si ndiyo ghali zaidi? Usituzungushe. (Dereva wa lori, Tunduma)

Sizungushi, kaka. Fundi rangi akiona rangi imekuwa nzito haibandiki jikoni, anatia tina (thinner) ya kuilainisha. Wachimbaji nao wameanza kuchanganya mvuke na vimiminika vyepesi vya jamii ya propani na butani. Imperial Oil ilianza kuzalisha kwa mtindo huo huko Cold Lake mwaka 2024. Mvuke ukipungua, gesi ya kuchoma inapungua, na moshi nao.

Ila tina haiji bure. Inanunuliwa, na ikibaki chini ya ardhi umezika hela. Ikirudi na mafuta, unaichuja na kuitumia tena. Hesabu yote imekaa hapo, pamoja na bei ya gesi: gesi ikiwa ya kutupa, mhasibu atasema endeleeni kuchemsha maji. Hapo ndipo tozo ya moshi inapoingia: Alberta ilianza mwaka 2007 kuvitoza viwanda vikubwa dola 15 za Kanada kwa kila tani ya hewa ukaa inayozidi kiwango walichopangiwa. Kwangu ilikuwa tozo ndogo, ya kumkera mtu bila kumwamsha. Lakini angalau moshi uliingia kwenye daftari.

Kwa nini wasitumie jua? (Mwanafunzi, Iringa)

Wapo waliotumia, kijana. Oman, kwenye eneo la visima vya mafuta mazito la Amal, vioo vya kukusanya jua viliwekwa ndani ya nyumba za kioo ili vumbi la jangwani lisivimalize, vikatoa mvuke. Usiku boila ya gesi ilishika zamu. Kilicholipa kule si jua kali peke yake: gesi ya Oman hupakiwa melini na kuuzwa nje, kwa hiyo ile isiyochomwa kisimani ina mnunuzi. Alberta jua la Desemba ni la kuonja tu.

Petroli itashuka Makambako? (Bodaboda)

Hapana. Tunaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa, na EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kufuata soko la dunia, dola na nauli. Ukitaka kujua kwa nini unalipa zaidi ya mwenzako wa Dar, anza na yule dereva wa Tunduma hapo juu, umuulize gharama za barabarani.