Huyu ndo Spencer au sio? Maswali yenu kuhusu muvi ya Impostor

Meseji za wiki hii karibu zote zimekuja kwa muvi moja, Impostor, ile ya Gary Fleder ya mwaka 2001 ambayo Gary Sinise ndo steringi, basi nimeona nizijibu kwa pamoja. Kwa ambaye hajaiona, ni mwaka 2079, dunia iko vitani na viumbe wa Alpha Centauri, miji imefunikwa na ngao za umeme juu. Spencer Olham anaitengenezea serikali silaha. Anaamka vizuri na mke wake Maya, anaenda kazini, anakamatwa na Meja Hathaway, anaambiwa wewe sio Spencer, Spencer kashakufa, wewe ni kopi ya adui na kifuani una bomu la kumuua kiongozi mkuu. Anatoroka, na kuanzia hapo anahangaika kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Mwisho wake nautoboa hapa chini, anayetaka kuiona kwanza asiendelee.

SWALI: Shikamoo anko. Mi niliiona kibanda umiza, ile ya kutafsiriwa, umeme ukakata wako msituni kwenye chombo cha anga kilichoanguka, uliporudi wakaweka mpira. Sasa huku tunabishana, wengine wanasema mke ndo alikua feki, wengine wanasema steringi kafa. Steringi anakufaje anko? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote mko sahihi, na ndo maana muvi ile haijanitoka kichwani. Kwenye kile chombo wanakuta maiti ya Maya, Maya wa kweli, kumbe huyu aliyesimama pale na mumewe ni kopi, na Hathaway anampiga risasi kabla bomu halijalipuka. Hapo kila mtu anapumua. Hathaway anaona kazi imeisha, Spencer naye anaona kasafishwa, na wewe unayeangalia unasema si nilijua tu, steringi hafi. Halafu askari wanaendelea kuondoa mabaki ya chombo na chini yake kuna maiti nyingine, ya Spencer. Anaiona kwa macho yake, anatamka mwenyewe kwa mdomo kwamba kama yule pale ndo Spencer basi yeye ni... na bomu linalipuka hapohapo, yeye, Hathaway, askari, msitu, vyote vimekwenda. Habari zikija kutangazwa wanasema ni shambulio la adui, na Cale, yule jamaa wa mtaani aliyemsaidia kujificha (Mekhi Phifer), anabaki anajiuliza hivi nilimsaidia nani.

Sasa rudi nyuma uangalie jambo moja, yule mtu hakudanganya hata mara moja. Kumbukumbu, ndoto, mapenzi kwa mke wake, vyote kavikuta kichwani na anaviamini, na kumbuka katikati ya kukimbia anasababisha mpaka kifo cha rafiki yake Nelson akiwa na uhakika kabisa kwamba yeye ndo anaonewa. Hata hospitali anakwenda mwenyewe kuingia kwenye mashine apimwe, askari wanavamia kabla jibu halijatoka, na sisi tunakasirika kwamba ushahidi wake umeharibiwa. Ukiiona mara ya pili ndo unaelewa kile kipimo kingemuangusha yeye. Ukimuuliza mtu wewe ni nani atakujibu kwa anachokikumbuka, na muvi hii inasema hicho peke yake hakitoshi. Mi naona hakuna mwisho mwingine ungefaa.

SWALI: Salaam aleikum kaka. Kama mwisho bomu lilikuweko kweli, basi Hathaway alikuwa na haki tangu mwanzo, mbona mwamchukia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Bomu kweli lilikuwepo, hapo hakukosea. Lakini angalia anavyothibitisha, mtu anafungwa kwenye kiti akiwa hai na mashine inakuja kumpasua kifua, yani jibu unalipata mtu akiwa ameshakufa, na kama ulikosea huna wa kumuomba radhi. Afu akili yote kaielekeza kwa mtu mmoja, muda wote huo kopi ya pili, huyo Maya, inatembea huru, daktari wa hospitali kabisa, na hakuna aliyewaza kumpima. Na mwisho alipompiga Maya aliridhika haraka, akabaki amesimama pembeni ya bomu lenyewe. Yani shaka yake ilikua kubwa kweli lakini haikumsaidia kuona. Vincent D'Onofrio kacheza vizuri sana pale, hapigi kelele za adui wa kwenye muvi, ni mtu anayeamini anaokoa watu.

SWALI: Shikamoo anko. Muvi imenigusa kwa sababu nyumbani tuna mama mdogo anasema mume wake sio yule, kwamba kabadilishwa, huyu ni mtu mwingine kavaa sura yake. Watu wanasema karogwa. Kuna ugonjwa wa hivyo kweli? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Upo. Unaitwa Capgras, jina la daktari Mfaransa Joseph Capgras ambaye mwaka 1923 yeye na mwenzake waliandika habari za mwanamke aliyekua anasema mume na watoto wake wamebadilishwa wakaletwa wanaofanana nao. Unaweza kuja pamoja na skizofrenia (ugonjwa wa akili), au ugonjwa wa kusahau wa wazee, au mtu aliumia kichwa. Wataalamu wengi wanaeleza hivi, ubongo ukiona sura ya mtu wako unafanya kazi mbili, unaitambua sura, na papohapo unakupa ile hali ya ndani kwamba huyu ni wangu. Hii ya pili ikikatika, mgonjwa anaona sura ni ileile lakini ndani hakuna kitu, basi akili inatafuta maelezo na inayoyapata ni kwamba huyu ni feki. Kuna wagonjwa ambao mtu huyohuyo akiwapigia simu wanamtambua bila shida, akiingia mlangoni wanamkataa.

Kwa hiyo mama mdogo hadanganyi na wala hafanyi makusudi, msibishane naye wala msimcheke. Mpelekeni hospitali, nyie wa Dodoma Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapohapo mjini na ndo kazi yao. Na hili naomba mlichukulie kwa uzito, wagonjwa wengine humuogopa yule wanayedhani ni feki mpaka wakamdhuru, so visu na mapanga yakae mbali na wawili hao wasiachwe peke yao mpaka aonwe na daktari.

SWALI: Hiyo Alpha Centauri iko kweli ama ni story tu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Iko. Ni nyota tatu zinazokaa pamoja, ndo jirani zetu wa karibu kuliko nyota zote ukiacha jua, na mwanga wake unachukua miaka 4 na kitu kutufikia. Mwezi wa 5 na wa 6 usiku angalia kusini, karibu na ule Msalaba wa Kusini, inang'aa bila darubini. Viumbe ndo havijaonekana.

SWALI: Habari kaka, mtu anakaa chini anawaza kitu kama hiki kimetoka wapi? Na nikitaka nyingine ya namna hii niangalie ipi? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Nzuri dada yangu. Ni hadithi fupi ya Philip K. Dick iliyotoka kwenye jarida la Astounding mwezi wa 6 mwaka 1953, na ukijua Marekani ya mwezi ule ilikuaje hushangai. Vita vya Korea bado havijasimama, watu wanaogopa kwamba wafungwa wao wa vita watarudi wamebadilishwa akili, na tarehe 19 ya mwezi huohuo Julius na Ethel Rosenberg, mke na mume, wakanyongwa... hapana, waliuawa kwa kiti cha umeme, kwa kesi ya kuwapa Warusi siri za bomu la atomiki. Jirani anamuangalia jirani. Muvi yenyewe ilianza ikiwa fupi, moja kati ya tatu zilizopangwa kutoka pamoja, wakaamua kuirefusha, ndo maana pale katikati kukimbia kumezidi.

Ya kuangalia baada ya hii ni The Thing ya John Carpenter, 1982. Mhariri wa lile jarida, John W. Campbell, mwaka 1938 aliandika hadithi ambayo ndo ikaja kuwa The Thing, wanaume wamekwama kituoni Antaktika na kati yao kuna kitu kinachoiga mtu. Ngoja mpaka wanapopimana damu kwa waya wa moto. Anayeshika ule waya, MacReady, anapima na ya kwake mbele ya wote, hapo tayari kamzidi Hathaway, lakini kabla ya hapo alishampiga risasi mwenzake Clark aliyemrukia na kisu, na damu ya Clark ikipimwa, Clark alikua mtu.