Kubakiza deni kwenye kadi hakupandishi alama

Ndugu, umeuliza kama ni lazima ubakize deni kidogo kwenye kadi ya mkopo kila mwezi ili alama zako za mkopo, yaani namba inayowaonyesha wakopeshaji jinsi unavyolipa madeni, zipande. Hapana, na ushauri huo unakula pesa zako bure. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, rekodi yako bado inaonyesha kwamba unalipa kwa wakati. Ukibakiza, unachoongeza ni riba tu.

Kwenye alama za FICO (aina ya alama za mkopo inayotumika sana Marekani), zinazoanzia 300 hadi 850, historia ya malipo ina uzito wa 35% na kiasi unachodaiwa 30%. Hapo kwenye 30%, panapoangaliwa pia umetumia sehemu gani ya kikomo cha kukopa cha kadi zako zote, ndipo wengi wanapojikwaa. Chukua mtu mwenye kadi mbili, kila moja na kikomo cha dola 1,000, anadaiwa 500 kwenye moja: ametumia 25%. Akiifunga ile isiyo na deni akidhani anajisafisha, ghafla anaonekana ametumia 50%, ilhali hajaongeza hata senti ya deni! Kadi ya zamani isiyo na ada iache wazi, tafadhali.

Kuangalia alama zako mwenyewe hakuzishushi, kwa hiyo angalia bila hofu. Mshahara nao haumo kwenye hesabu hiyo.